Umri ulikuwa sikioni: kisa cha mhasibu aliyesomea kufundisha Kiingereza akiwa na miaka 58

Siku ya tatu ya mazoezi ya kufundisha niliandika kwenye fomu yangu ya tathmini sentensi ambayo leo ningependa kuifuta: "Hasahihishi makosa yaliyo wazi, huenda kasi ya darasa inamzidi." Niliyemwandikia alikuwa mama wa miaka 58, mhasibu mstaafu aliyeaga ofisi miezi mitano tu kabla ya kujiunga nasi. Neno "umri" sikuliandika. Halikuwa na haja ya kuandikwa, kwani mimi na mkufunzi mwenzangu tulikwisha kulisema kwa kutazamana.

Nakieleza kisa chake kwa ruhusa yake, na vijambo vidogovidogo nimevigeuza asitambulike. Watu wanaokaribia kustaafu huniuliza swali moja: je, kichwa bado kitabeba? Kwa mama huyu kichwa kilibeba kila tulichompa. Umri ulikuwapo kweli, ila ulikaa mahali pengine kabisa, na sisi tunaolipwa kwa kazi ya kuangalia hatukuuona.

Kwanza cheti chenyewe, maana hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Jina TEFL, yaani ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya kigeni, halina mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kufungua tovuti, akachapa cheti, akakiita hivyo. Waajiri makini wakitaja cheti kwa jina, mara nyingi hutaja kimoja kati ya viwili: CELTA cha Chuo Kikuu cha Cambridge, ndicho alichosomea mama huyu kwetu, au CertTESOL cha Trinity College London. Vyote viwili ni vya ngazi ya 5 katika mfumo wa sifa za elimu wa Uingereza. CELTA hutaka saa zisizopungua 120 za masomo na wakufunzi, Trinity hutaka 130, na kote kuwili kuna jambo ambalo halina mbadala: saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi, watu wazima wenye shida zao za Kiingereza, huku mkufunzi ameketi nyuma anaandika. CELTA ina pia kazi 4 za maandishi, kila moja ya maneno 750 hadi 1,000, na mtathmini kutoka nje ya kituo huja kukagua kama tunapima kwa haki.

Sasa angalia ile namba 120. Utaikuta kwenye matangazo ya kozi za kujisomea peke yako, ambazo hukutani na mwanafunzi hata mmoja. Namba imeazimwa, kazi haikuja nayo. Mama huyu alibaki kidogo alipie mojawapo. Kilichomwokoa ni tabia ya kazi yake: aliwaandikia akauliza, "Nitamfundisha nani, na nani atanitazama?" Jibu likawa kwamba mwishoni kuna mtihani wa kuchagua majibu. Kwa hesabu zake, vitabu havikufunga.

Kozi hizi zina asili moja inayoeleza mengi. Mwaka 1962, John Haycraft na mkewe Brita walianzisha London, katika shule yao ya International House, mafunzo ya wiki mbili kwa watu ambao hawajawahi kufundisha. Cambridge ilichukua usimamizi wa mitihani ya mkondo huo mwaka 1988, na jina CELTA likaja baadaye. Wiki zimeongezeka zikawa nne au tano kwa wanaosoma mfululizo, au miezi kadhaa kwa wanaosoma jioni, lakini damu ni ileile: unatupwa darasani siku ya pili au ya tatu, unafundisha, unakosolewa, unarudi. Nadharia huja kidogokidogo njiani. Kwa mtu aliyefanya kazi miaka 30, mpango huu unakata pande mbili. Hakuna anayekudai shahada ya isimu. Na hakuna pia anayekuhesabia ile miaka yako 30.

Kwenye usaili alinishangaza. Tunapenda kuwauliza waombaji tofauti ya "I lost my key" na "I've lost my key". Vijana waliozaliwa na Kiingereza huhangaika hapo: wanajua ipi itumike wapi, hawajui kwa nini. Yeye alivua miwani, akasema, "Ya pili, mlango bado umefungwa na mimi niko nje." Kisha akaongeza kwamba yeye mwenyewe alikosea jambo hilo kwa miaka, kwa sababu Kiswahili humruhusu mtu kusema "nimefika jana" bila mtu kukunja uso, naye alikuwa akiibeba ile "-me-" nzimanzima mpaka kwenye Kiingereza na kusema "I have arrived yesterday". Mtu anayeijua njia kwa kuwa aliwahi kujikwaa humo humfaa sana mwanafunzi. Nilimpitisha bila kusita.

Akachagua kozi ya wiki nne mfululizo. Nilimshauri ile ya miezi minne, akakataa: alisema miaka yote amefunga hesabu za mwaka usiku wa manane, wiki nne si kitu. Tuliacha hapo.

Somo lake la kwanza lilihusu "used to". Dakika 40. Andalio la somo lilikuwa na safu zote: muda, hatua, lengo la hatua, nani anazungumza na nani. Sijawahi kuona andalio nadhifu vile; hata jumla ya dakika alikuwa ameipigia mstari mara mbili chini, kama salio. Kisha akasimama ubaoni akaeleza. Akaeleza vizuri, kwa mifano, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nilikuwa na saa. Katika dakika 40 alizungumza 23, na wanafunzi walikuwa wananakili. Kila baada ya muda aliuliza, "Mmeelewa?" nao wakaitikia kwa pamoja, ule mwitikio mrefu ambao hata aliyesinzia huujua.

Kwenye kikao cha maoni mkufunzi mwenzangu, kijana wa miaka 31, alimwonyesha tunachokitaka. Badala ya kuuliza "mmeelewa", chukua sentensi yako, "I used to smoke", uliza vitu vitatu vidogo. Je, nilivuta zamani? Ndiyo. Mara moja, au ilikuwa mazoea? Mazoea. Na sasa navuta? Hapana. Asiyeelewa atajifichua hapo, na hujaeleza chochote. Mama akaandika yote. Siku ya pili yake akauliza maswali yale matatu vizuri kabisa, halafu akayajibu mwenyewe.

Tukacheka, naye akacheka. Ila aliendelea kuyajibu mwenyewe somo la pili, na la tatu. Na katika somo hilo la tatu mwanafunzi mmoja alisema "He work in a bank", akarudia, wa pembeni naye akasema "She live near here", na mama akatabasamu, akasema "Good!" akaendelea. Hapo ndipo nilipoandika ile sentensi.

Maelezo yetu yalikuwa tayari, na yalikuwa na sura ya kisayansi. Inajulikana kwamba kasi ya akili kushughulikia mambo mengi kwa wakati mmoja hupungua na miaka, huku msamiati na maarifa yaliyokusanywa yakidumu au hata kukua. Wanasaikolojia Raymond Cattell na John Horn walizitenganisha akili hizo mbili muda mrefu uliopita. Darasa ni mahali pa mambo mengi kwa wakati mmoja: saa, andalio, ubao, nyuso kumi na mbili. Basi, tukasema, anazidiwa. Kilichopaswa kutushtua ni kwamba wiki ileile alikuwa amezikariri alama za fonimu 44 za Kiingereza, yaani sauti zake za msingi, kwa siku nne, kwa kadi alizokata mwenyewe, huku vijana wawili wa kozi bado wanachungulia chati ukutani. Hatukushtuka. Tulisema ana bidii.

Jibu lilikuja kwa njia ya makaratasi, jambo ambalo kwa mhasibu naona lilistahili. Moja ya kazi za maandishi humtaka mshiriki amhoji mwanafunzi mmoja, amrekodi, kisha achambue makosa yake. Mama alimchagua yuleyule wa "He work". Aliposahihishiwa kazi, nilikuwa mimi ninayeisoma. Alikuwa ameorodhesha kila "s" iliyokosekana, moja baada ya nyingine, kumi na nne, kila moja na dakika na sekunde yake kwenye rekodi. Hapakuwa na hata moja iliyompita.

Niliziweka karatasi mbili mezani: kazi yake, na fomu yangu. Mwanafunzi mmoja, kosa moja. Usiku, kwenye rekodi, alikamata yote kumi na nne. Mchana, darasani, hata moja.

Nikamwita. Nilianza kwa kuzunguka, nikataja uchovu. Akanikatiza. "Mwanangu, ningeisikia ningeiacha?"

Akatulia kidogo, kisha akasema nyumbani alisikiliza kwa hedfoni, sauti juu.

Usikivu wa uzeeni haupungui sawasawa kama redio inayopunguzwa sauti. Hutangulia kuondoka sauti nyembamba. Irabu, ambazo ndizo zenye mvumo, hubaki, kwa hiyo mtu husikia kwamba umezungumza na huamini amekusikia. Kinachopungua ni zile konsonanti za pumzi: "s", "f", na ile "th" ya neno "think". Nguvu kubwa ya "s" iko kuanzia kama hezi 4,000 kwenda juu (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), pale pale ambapo sikio la miaka 60 huanza kuchakaa. Ongeza watu kumi na wawili wanaozungumza wawiliwawili kwa wakati mmoja, na "works" na "work" huwa neno moja. Kisha akili, ambayo imekuwa ikisoma Kiingereza sahihi kwa miaka 40, inajaza pengo yenyewe. Alikuwa *anasikia* "He works". Ujuzi wake wa lugha ndio uliomsaliti. Alipopimwa na mtaalamu wa masikio, mchoro ulionyesha hivyo hivyo: mstari umenyooka upande wa sauti nene, halafu unateremka kama paa.

Lakini lililonikaa zaidi ni jambo la pili, ambalo aliligundua yeye. Alisema mumewe humlalamikia kwamba siku hizi kwenye mazungumzo yeye ndiye msemaji. Anayesikia kwa shida hupata nafuu akishika zamu ya kusema, maana akisema hakuna cha kumpita. Zile dakika 23 ubaoni, na yale maswali matatu aliyoyajibu mwenyewe! Sisi tuliita mazoea ya ubosi, na kusema kweli kidogo yalikuwapo. Zaidi alikuwa anakwepa jibu ambalo huenda asingelisikia.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kiufundi, na niliipenda. Viti vikapangwa nusu duara badala ya safu, ili hakuna mdomo ulio nyuma ya kichwa cha mwingine. Akaacha kukaa karibu na ubao. Wanafunzi wakizungumza wawiliwawili, alikwenda akaketi kwenye kiti kifupi kati ya jozi moja, akasikiliza hiyo tu, kisha akahamia nyingine. Kusahihisha akaanza kutumia vidole. Mbinu hii ni ya zamani na ya kila mkufunzi: kila kidole neno moja. Mwanafunzi akisema "He work in a bank", mwalimu anashika kidole cha pili, anakitikisa, ananyamaza. Ila yeye alikigeuza kikawa kipimo pia. Aliposhuku, alishika kidole cha pili hata kama hana hakika, na mwanafunzi aliyekuwa sahihi alirudia kwa kujiamini, aliyekosea alijirekebisha. Kwa njia yoyote sauti ilitoka mara ya pili, polepole, na uso umemgeukia.

Akaanza kutazama midomo. "F" ni meno juu ya mdomo wa chini. "Th" ni ncha ya ulimi kati ya meno. Zikisikika hufanana hata kwa kijana, zikitazamwa hazifanani kabisa. Wiki ya nne alifundisha tofauti ya "three" na "free" kwa kuwafanya wanafunzi wasemezane bila sauti, mmoja anatamka, mwenzake anasoma mdomo. Hilo halimo kwenye maelekezo yetu. Mkufunzi mwenzangu alilinakili, na bado analitumia bila kutaja alikolipata.

Muda wake wa kuzungumza ukashuka. Somo la mwisho nilipima dakika 11.

Alifaulu, daraja la kawaida. Mimi nilitaka apewe Pass B, daraja lililo juu ya hilo, mwenzangu akakataa akisema masomo ya mwanzo hayafutiki, na kwa kanuni alikuwa sahihi. Bado naamini sehemu ya yale masomo ya mwanzo ilikuwa deni letu. Mtathmini wa nje hupitia mafaili, na kwenye faili lake kulikuwa na sentensi yangu, nayo ilikuwa na uzito kuliko nilivyokusudia.

Ungedhani kisa kimeishia hapo. Upande wa pili wa umri ulimngoja nje ya mlango, nao haukuwa wa sikio.

Alikuwa na ndoto ya mwaka mmoja au miwili Asia. Korea Kusini, kwa ile viza ya walimu wa lugha iitwayo E-2, kwa kawaida hupokea walimu wa Kiingereza walio raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Pasipoti yake haikuwa ya mojawapo. China nako hutazama pasipoti, na kibali cha kazi huwa kigumu mtu akikaribia 60. Yeye alikuwa anaanza 59. Ziko nchi zenye sheria za kumlinda mtu wa umri wake: Marekani ina sheria ya mwaka 1967 inayokataza kumbagua mfanyakazi mwenye miaka 40 au zaidi, Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2000, na Uingereza ina sheria yake ya 2010. Sheria hizo humsaidia mtu ambaye tayari ana haki ya kufanya kazi pale. Hazifungui mpaka.

Na juu ya umri kulikuwa na uzawa. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson alieleza kuwa ni dhana potofu kuamini kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni lazima awe mzawa wa lugha hiyo, na matangazo ya kazi yameendelea kuiamini. Mama aliniletea majibu matano aliyopata. Mawili yalimuuliza picha na tarehe ya kuzaliwa kabla ya kumuuliza cheti. Moja lilimsifu sana, kisha likauliza kama ana "lafudhi safi".

Hapa nakubali lawama nyingine. Tulikuwa na saa nzima ya usaili naye kabla hajalipa, tukamuuliza funguo na milango. Hatukumuuliza anataka kufundisha wapi. Kwa mtu wa miaka 23 swali hilo linaweza kungoja. Kwa mtu wa 58 ndilo lilipaswa kuwa la kwanza, kwa sababu viza hupunguza nchi kabla kozi haijaanza, na wakati mwingine huamua hata kama cheti cha gharama hiyo kinahitajika. Yeye anasema angesoma vilevile. Huenda. Lakini angesoma akiwa anajua.

Alichofanya baadaye hakikuwa kwenye mpango wake wala wetu. Mtu mmoja aliyewahi kufanya naye kazi alikuwa na wahasibu vijana wanaotakiwa kuandika na kuwasilisha ripoti za ukaguzi kwa Kiingereza. Wanajua hesabu, wanajua na sarufi ya shuleni, ila wakisimama mbele ya bodi hukwama kwenye "profit has fallen" na "profit fell". Nani angewaeleza hilo vizuri kuliko yeye, aliyelikosea miaka mingi na kuzisoma ripoti zenyewe kwa miaka 30? Alianza na mmoja, kwa video. Sasa wako tisa, kila mmoja na saa yake.

Kwa video, mmoja kwa mmoja, na hedfoni. Hakuna jozi sita zinazozungumza kwa pamoja, mdomo wa mwanafunzi umejaa kioo, na sauti unaipandisha utakavyo. Lile sikio lililomwangusha somo la tatu lina mazingira yake. Vifaa vya kusaidia kusikia anavyo pia, ingawa anavivaa kwa kununa.

Mwezi uliopita alinitumia rekodi ya somo moja nimpe maoni. Niliisikiliza nikiwa na saa mkononi, mazoea. Kijana anaeleza kuhusu mkurugenzi wake: "He sign the report every Friday." Mama haongei. Kwenye kioo unaona mkono unapanda, kidole cha pili kimeshikwa.

"He signs," kijana anasema.

"Every Friday," anasema mama, na kufungua ukurasa unaofuata.